Ceaușescu hakuhutubia kwenye roshani hii

Wageni wanaotembezwa katika Jumba la Bunge la Bucharest, Romania, wakifika kwenye roshani inayotazama Barabara ya Unirii, wengi huamini kwamba hapo ndipo Nicolae Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti wa Romania, alipozomewa na umati mwaka 1989. Sivyo. Hotuba ile ya mwisho, tarehe 21 Desemba, aliitolea kwenye roshani ya makao ya Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti. Kesho yake alitoroka kwa helikopta kutoka paa la jengo hilohilo, na tarehe 25 akapigwa risasi pamoja na mkewe, Elena.

Wakati huo jumba hili lilikuwa bado linajengwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1984, na mbunifu mkuu alikuwa Anca Petrescu, mwanamke kijana. Ceaușescu alilikagua mara nyingi, lakini hakutawala kutoka humo hata siku moja. Wabunge ndio waliohamia humo, miaka ya 1990.

Naona kisa cha roshani kinafunika jambo zito zaidi: ili jumba lipate nafasi, mtaa wa Uranus ulibomolewa, nyumba na makanisa, na maelfu ya familia wakahamishwa. Kiongozi wa ziara asipoligusia hilo, muulizeni.

Kuingia, chukua pasipoti au kitambulisho na uweke nafasi mapema. Roshani ya hotuba iko Piața Revoluției (Uwanja wa Mapinduzi), kwenye jengo linalotumiwa sasa na Wizara ya Mambo ya Ndani.