Serikali ikitoa zawadi kwa mwenye kutengeneza dawa ya magonjwa ya nchi za joto

Kwani dawa si inauzwa? Zawadi ya nini tena?

Inauzwa, lakini kwa nani? Wagonjwa wengi wa malale na usubi (upofu wa mtoni) wako vijijini, na wengine hata nauli ya kwenda zahanati hawana. Kampuni ikipiga hesabu ya utafiti wa miaka mingi inaona hasara, inahamia kwenye dawa za wenye uwezo.

Zawadi yenyewe ni fedha?

Marekani, tangu 2007, inatoa hati. Mamlaka yao ya dawa, FDA, ikiidhinisha dawa ya ugonjwa wa kitropiki, kampuni hupewa hati ya kukaguliwa haraka dawa yake nyingine, hata iwe ya lehemu (kolesteroli): takriban miezi 6 badala ya 10. Kwa dawa inayouzika sana, kuwahi sokoni miezi minne ni utajiri. Tena hati hiyo inauzwa. Mwaka 2014 kampuni ya dawa ya Gilead ilinunua hati ya miltefosine, dawa ya kala-azar (ugonjwa unaoenezwa na visubi wa mchangani), kwa dola milioni 125.

Kuna dawa ninayoijua iliyopata?

Ya kwanza kabisa, 2009: Coartem ya kampuni ya Novartis. Ndiyo dawa mseto ya malaria, ALu, ile ya vidonge 24 kwa mtu mzima kwa siku 3.

Kwa hiyo ni zawadi iliyotuletea mseto?

Hapana, na hapa ndipo panaponiuma. Tanzania Bara ilishaanza kutumia mseto tangu 2006. Miltefosine nayo ilikuwa India tangu 2002. Zawadi ililipia usajili wa Marekani. Mshindi hakutakiwa kuhakikisha dawa inamfikia mgonjwa, wala kwa bei anayoimudu. Kwangu mimi hilo ndilo sharti ambalo lingepaswa kuandikwa mwanzo.

Basi haina faida?

Inayo. Moksidektini ilikuwa ikitibu minyoo ya mifugo kwa miaka mingi. Shirika la Australia lisilotafuta faida ndilo lililoifikisha kwa FDA kama dawa ya usubi, baada ya majaribio Ghana, Liberia na Kongo, nayo ikaidhinishwa 2018. Tumaini la kupata hati lilisaidia kuwavuta wawekezaji. Bila wao, dawa hiyo huenda ingebaki zizini.