Chensoo ikigoma asubuhi ya baridi: kabla hujasema umeuziwa feki, soma hapa

Kila ikifika Juni mpaka Agosti simu zinazoingia ofisini kwetu zinafanana, mtu yuko Makete au Njombe au Mufindi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, anasema chensoo (msumeno wa injini wa kukatia miti) aliyonunua juzi ni feki, asubuhi haiwaki kabisa ila saa sita mchana inawaka vizuri tu. Ndugu zangu, mashine feki haisubiri jua. Petroli ikipoa haitoi mvuke wa kutosha kushika moto, ndio maana ikawekwa choki, kile kidude kinachopunguza hewa ili petroli iingie nyingi, na choki yenyewe wengi wanaitumia vibaya.

Weka mashine chini palipo sawa, breki ya cheni ifungwe ili cheni isizunguke, ncha ya mguu wa kulia ikanyage kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto ushike mshikio wa mbele. Vuta choki yote, vuta kamba taratibu mpaka uisikie inakaza, halafu ndo uvute kwa nguvu. Ikikohoa mara moja tu rudisha choki nusu. Hapa ndo penye shida, maana mtu akisikia imekohoa anaendelea kuvuta na choki yote, plagi inayotoa cheche inalowa petroli, anavuta mpaka kamba inakatika halafu anatupigia. Ikishalowa zima swichi, fungua plagi, ifute ikauke, rudisha choki yote, vuta kamba mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke, rudisha plagi ujaribu tena bila choki. Na tafadhali msiiwashe ikiwa inaning'inia mkononi, wala msiisogeze karibu na moto wa kuotea eti ipate joto, tangi lile lina petroli jamani!

Mashine nyingi za kazi zina kifuniko kidogo karibu na kabureta, yaani panapochanganyikia petroli na hewa, chenye alama ya theluji na alama ya jua. Watu wanadhani ile theluji ni ya Ulaya haituhusu. Inatuhusu sana, kwa sababu barafu ndani ya kabureta inatengenezwa na baridi ikichanganyika na unyevu, na ukungu wa Makete asubuhi ndo huohuo, achilia mbali Kitulo ambako umande unaganda kabisa. Fuata kitabu cha mashine yako, baadhi ya watengenezaji wanasema weka upande wa theluji, unaoipa kabureta hewa ya joto kutoka kwenye injini, joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, urudishe kwenye jua likizidi 20. Ukisahau kurudisha mchana injini inachemka.

Oili ya cheni nayo inakuwa nzito kwenye baridi, pampu haisukumi, baa, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, inaungua na cheni inakuwa butu nusu saa tu. Nunua nyepesi ya msimu wa baridi ukiipata, ukikosa lala nayo ndani palipo na joto, mbali na moto. Kabla ya kukata elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa kama sentimita 20, piga resi, baada ya dakika moja hivi uone mstari wa oili. Oili chafu ya gari hapana, ina chembe za chuma na inadhuru ngozi yako. Jioni jaza tangi, maana tangi nusu linakusanya maji usiku, na legeza cheni, kwa sababu ikipoa inasinyaa na inaivuta baa na ekseli ya injini. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili ya tu-stroki kwa lita 5 za petroli, msikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Skafu, kitenge cha shingoni na koti refu lisilofungwa viacheni kambini. Vaeni glavu kavu, na hili nalisema kwa uzito: mtetemo wa mashine pamoja na baridi unaua mishipa midogo ya vidole. Vidole vikianza kuwa vyeupe na ganzi kila asubuhi nenda hospitali mapema, usisubiri msimu uishe.

Kwa waajiri, kibarua wa siku naye ni mfanyakazi wako. Akiumia, toa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 tangu ulipojua, na akigundulika na ugonjwa unaotokana na kazi nao utolee taarifa bila kuchelewa, jaza fomu ya taarifa, ambatanisha ripoti ya daktari, tunza nakala. Mwajiri akikaa kimya mfanyakazi aende mwenyewe ofisi ya Mfuko ila asipitishe miezi 12, baada ya hapo dai linaweza kukataliwa. Kutotoa taarifa ni kosa kisheria, na kumwambia mtu "nitakutibu mwenyewe tusifike huko" hakuondoi kosa hilo. Upimaji wa afya kabla ya kuanza kazi na kila kipindi upo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, gharama ni ya mwajiri, na wakaguzi wakija msituni huwa wanaomba kuona vyeti vya upimaji huo.