Uuguzi Marekani: chuo cha jamii hakikurudishi mwanzo

Miongoni mwa ndugu zetu walioko Marekani kuna imani ya siku nyingi kwamba anayesomea uuguzi chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha kozi za miaka miwili) anapoteza muda, kwa kuwa akitaka shahada ya kwanza ataanza upya. Si kweli, na inaumiza kuona watu wakijitwika madeni makubwa kwa sababu ya imani hiyo.

Kozi ya uuguzi ya miaka miwili katika vyuo hivyo ilianza kwa majaribio mwaka 1952 chini ya Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi. Mhitimu wake hufanya mtihani uleule wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, anaofanya mwenye shahada, na leseni ni ileile. Kisha huingia programu ya kumalizia shahada, mara nyingi akiwa tayari kazini. Jimbo la New York, kwa sheria ya 2017, humpa nesi mpya miaka 10 kuipata.

Ugumu uko kwa anayehamia chuo kikuu kabla ya leseni. Anatomia, mikrobiolojia na takwimu kwa kawaida huhamishika. Masomo ya uuguzi wenyewe mara nyingi hukataliwa. Muulize mshauri wa chuo unachokilenga, akujibu kwa maandishi, kabla hujajiandikisha somo la kwanza.