Acheni kusema "hata Kariakoo ni hivyo hivyo"

Kila ninapoeleza kwamba programu ya kuagiza vyakula inaweza kukuonyesha wewe bei moja na jirani yako bei nyingine, kwa mchele ule ule, duka lile lile, dakika ile ile, lazima atokee mtu wa kunijibu: "Sasa ajabu iko wapi? Hata Kariakoo wanakuangalia kwanza usoni ndipo wanataja bei." Wiki hii nimeambiwa tena, na aliyeniambia ni mwenye duka ambaye anajua biashara kuliko wengi. Kazi yangu ni kupanga bei za maduka na huduma za kupeleka vyakula majumbani hapa Dar, na jibu hilo limenichosha.

Kwanza tutenganishe mambo, maana wengi wanayachanganya. Nauli ya gari la kuitwa kwa simu ikipanda kwa sababu mvua imeshika Mwenge, hiyo ni bei ya wakati. Aliye karibu nawe anayekwenda unakokwenda anaikuta imepanda vile vile. Nyanya zikipanda Ilala kwa sababu malori hayajafika kutoka Ilula, hiyo nayo ni bei ya wakati. Bei binafsi ni nyingine kabisa: mzigo haujabadilika, saa haijabadilika, kilichobadilika ni wewe. Na habari za kwamba betri ikikaribia kuisha bei inapanda, au ufute historia ya kivinjari ushushiwe bei ya unga, mimi siwezi kuzijibu moja moja. Ukiingia kwa namba yako ya simu, namba hiyo ndiyo inayokutambulisha. Kufuta historia hakuigusi.

Sasa turudi Kariakoo.

Muuzaji anakutajia elfu tano. Unamwambia tatu na nusu. Anacheka, unaondoka, anakuita: "Njoo basi mteja, ongeza kidogo." Ni kweli amekusoma viatu, lafudhi na haraka yako. Lakini na wewe umemsoma. Umeona nyanya zimeanza kulainika, umeona jua linazama na tenga bado limejaa. Meza ya pili iko hatua mbili kutoka hapo na umesikia mama mwingine akiuziwa elfu nne. Bei ya mwenzako inasikika. Hiyo ndiyo nguvu yako yote pale sokoni, kuliko hata ufundi wako wa kupatana.

Kwenye simu huna jirani. Skrini inakuonyesha bei moja, yako, na hakuna pa kuandika "tatu na nusu". Ukiondoka, hakuna anayekuita, ila kuondoka kwako kunaandikwa. Ukirudi baada ya saa moja ukanunua kwa bei ile ile, na hilo linaandikwa. Muuzaji wa Kariakoo akishakuuzia anahudumia mwingine na kesho huenda asikukumbuke. Mfumo wa programu ya simu unakumbuka kila kikapu ulichojaza ukakiacha, kila ofa uliyoipuuza, na kila mara uliyolipa bila kuuliza.

Kuna tofauti moja inayonikera zaidi kwa sababu karibu hakuna anayeitaja. Sokoni, mteja wa siku zote anapendelewa. Anaongezewa nyanya mbili juu ya fungu, anakopeshwa, anawekewa samaki mzuri pembeni. Modeli ya punguzo, yaani hesabu za kompyuta zinazoamua nani apewe punguzo, hufanya kinyume. Inauliza: nani asipopewa punguzo atakwenda kwingine? Huyo ndiye anayepewa. Wewe uliyezoea, unayeagiza kila Jumamosi bila kusitasita, kukupa punguzo ni kupoteza faida bure, kwa hiyo unaachwa ulipe bei kamili. Uaminifu wako ndio unaokugharimu.

Ndiyo maana ukitafuta bei binafsi kwenye bei yenyewe, mara nyingi hutaiona. Wafanyabiashara walishajifunza. Mwaka 2000 Amazon ilijaribu kuuza DVD zile zile kwa bei tofauti kwa watu tofauti, wateja wakalinganisha wakang'aka, kampuni ikasema bei zilikuwa za majaribio ya kubahatisha, yaani ziligawiwa bila kuangalia mteja ni nani, na ikawarudishia fedha wateja 6,896. Tangu hapo bei binafsi imehamia kwenye punguzo. Mafuta ya kula yanaandikwa bei moja kwa wote, halafu mmoja anapata "ofa yako leo", mwingine anafutiwa gharama ya bodaboda, wa tatu hapati kitu. Wakazi wa Dar mnaijua hali hii kupitia vifurushi vya intaneti: laini mbili za mtandao mmoja, ndani ya nyumba moja, zikifungua menyu ya ofa binafsi hukuta vifurushi tofauti. Anayepata ofa hufurahi, na asiyepata hajui kama ilikuwepo.

Lakini si kila kadi ya duka ni mtego. Bei za Clubcard za Tesco, kule Uingereza, ni zile zile kwa kila mwenye kadi, na mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilipochunguza bei za uanachama za maduka makubwa ilikuta, Novemba 2024, kwamba bidhaa 92 kati ya 100 zilikuwa na nafuu ya kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka husika.

Kuhusu nani anaumia, nasikia sana kwamba mfumo unawakamua matajiri ili maskini wapumue. Hapana. Mfumo hautafuti mwenye fedha, unatafuta asiye na pa kwenda. Mwaka 2012 gazeti la Wall Street Journal lilichunguza tovuti ya Staples, wauza vifaa vya ofisi wa Marekani, likakuta bei zinafuata umbali kati ya mteja na duka la mshindani, na maeneo yaliyoonyeshwa bei nafuu yalielekea kuwa ya wenye kipato kikubwa zaidi. Ilete picha hiyo hapa. Anayeishi Masaki ana maduka makubwa karibu na gari la kumfikisha. Anayeishi ndani huko Madale, barabara imejaa matope, duka linalokubali kumpelekea vitu ni moja, na yeye ametoka zamu Muhimbili saa mbili usiku. Nani kati ya hao wawili atalipa bila kubisha?

Mfano mkubwa wa karibuni ni Instacart, programu ya Marekani ya kuagiza vyakula. Desemba 2025 shirika la kutetea wanunuzi la Consumer Reports na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapanga watu mamia wafungue vikapu vile vile kwa wakati mmoja. Karibu robo tatu ya bidhaa walizopima zilikuwa na bei zaidi ya moja. Dazani ya mayai ya duka moja la Safeway mjini Washington ilionekana kwa dola 3.99 hadi 4.79. Kampuni ilisema ni majaribio ya kubahatisha yasiyotumia taarifa za mtu, na mwezi huo huo ikayasimamisha. Mimi naamini inawezekana kabisa yalikuwa ya kubahatisha. Lakini sisi wa kazi hii tunajua jaribio la bei linafanywa ili kupima nani anavumilia bei ya kiasi gani. Kipimo kikishapatikana, kukitumia kwa kundi moja moja ni kazi ndogo.

Nina mashaka yangu, na vitabu vya fani yetu huyapita haraka. Kukadiria uvumilivu wa mtu mmoja kwa bidhaa moja ya chakula ni kazi ngumu kuliko wauza programu wanavyodai. Mtu hununua sukari mara chache kwa mwezi, na data hiyo ni finyu. Na hapa Dar simu moja inaagiza kwa ajili ya mama, dada wa kazi na kijana wa chuo, na M-Pesa moja inalipia nyumba mbili. Nimeona modeli ikimwita mtu "mwenye kujali bei" kumbe tofauti yake na wengine ni kwamba hununua mwisho wa mwezi. Wakati mwingine wastani wa kawaida wa mtaa unakadiria vizuri kuliko modeli hizo zote. Hilo halinipi faraja, kwa sababu ukipangiwa bei kwa makosa unailipa vile vile.

Kuna wanaojali kuweka jambo hili wazi. Jimbo la New York, tangu Novemba 2025, linadai bei ya namna hii iandikwe kwamba imepangwa na algoriti, yaani hesabu za kompyuta, kwa kutumia taarifa binafsi za mteja. Umoja wa Ulaya una sharti la kumjulisha mnunuzi tangu Mei 2022. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na zinatumika kwa kazi gani. Itumie: andika kwa kampuni, uliza.

Kama unataka kujipimia, usilinganishe mapunguzo. Chukueni simu mbili za watu wawili, jazeni kikapu kile kile, anwani ile ile, dakika ile ile, mtazame jumla ya mwisho pamoja na usafiri na ada ya huduma. Mkikuta tofauti, rudieni siku nyingine kabla ya kulaumu, maana ofa ya mteja mpya pekee inaweza kuileta.

Kwa wenye maduka wanaoniita, msimamo wangu ni huu: punguzo binafsi kwa biskuti na sabuni za manukato tunaweza kuzungumza. Unga, mchele, sukari, mafuta ya kula na maharage naviwekea bei moja kwa kila mteja, na asiyekubali hilo atafute mpangaji bei mwingine.