Swastika Mlangoni mwa Duka Si Alama ya Wanazi

Kila msimu wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, unapokaribia, sisi wa elimu ya makumbusho hupokea malalamiko yaleyale: duka fulani limechora swastika, alama ya Hitler na chama chake cha Wanazi, mlangoni. Wanaotuandikia wana nia njema. Lakini wanamshtaki mtu asiye na kosa.

Neno swastika ni la Kisanskriti. Waingereza walilichukua katika karne ya 19. Su ni njema, asti ni kuwepo, na svasti ni heri na ustawi. Wahindu, Wabudha na Wajaini (wafuasi wa dini ya kale ya India) waliitumia alama hiyo karne nyingi kabla ya Wanazi kuzaliwa. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati, Mombasa kama Dar es Salaam, hufungua daftari jipya la hesabu kwa ibada wakati wa Diwali. Ukurasa wa kwanza huchorwa swastika kwa kumkum, unga mwekundu wa ibada, mara nyingi ikiwa na nukta 4 kati ya mikono yake, na kando huandikwa maneno ya heri na faida. Tazameni kama alama ya mlangoni ina nukta hizo kabla ya kupiga simu.

Alama ya Wanazi iliingia kwenye bendera ya chama chao mwaka 1920, na mwaka 1935 ikawa bendera ya taifa la Ujerumani. Ni nyeusi, imekaa mshazari ndani ya duara jeupe, juu ya kitambaa chekundu. Wajerumani waliiita Hakenkreuz, msalaba wenye kulabu. Kiingereza ndicho kilichoipa jina la Kisanskriti, na waumini wa dini 3 wakabebeshwa aibu isiyo yao. Na tafadhali, tuache hili la kwamba tofauti ni upande inakoelekea mikono. Swastika ya Wahindu kwa kawaida huelekea kulekule inakoelekea ya Wanazi.

Kwa wasafiri: nchini Ujerumani, kifungu cha 86a cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 3, au faini. Matumizi ya elimu, sanaa na utafiti yameachwa nje ya katazo. Jimbo la Victoria, Australia, lilipotunga sheria yake mwaka 2022 liliweka adhabu ya hadi miezi 12 jela, faini, au vyote viwili, na likataja waziwazi kwamba matumizi ya Wahindu, Wabudha na Wajaini si kosa. Mwenye kidani au chale yenye alama hii aulize ubalozi husika kabla ya safari. Maelezo haya si ushauri wa kisheria.

Ukiwa bado na shaka, muulize kwanza mwenye duka, kwa adabu. Alama ikiambatana na maneno ya chuki au vitisho dhidi ya watu, usimkabili mtu: piga picha, andika mahali na saa, kisha peleka taarifa kituo cha polisi kilicho karibu.