Lab haikuangushi kwa usichokijua

Karibu kila anayenitafuta baada ya kufeli lab, yaani mtihani wa vitendo wa CCIE, cheti cha juu cha mitandao cha Cisco, ananiambia kitu kilekile, "mbona yale yote nilikuwa nayajua." Na namwamini kabisa, maana mara ya kwanza nilipoanguka CCIE na mimi nilikuwa nayajua. Mtihani ni masaa 8, 3 ya kwanza ya usanifu na 5 ya kujenga na kuendesha mtandao, kwa hiyo ukifika nusu ya pili kichwa kimeshachoka na vidole vinaanza kujifanyia kazi vyenyewe, na hapo ndo pointi zinapodondoka.

Chukua hili. Tranki, yaani kiungo kinachobeba mitandao kadhaa kati ya swichi mbili, inapitisha VLAN 10 na 20 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi), swali linataka na 30 ipite. Unaandika "switchport trunk allowed vlan 30", enta, unapingi ndani ya VLAN 30, inajibu, unahamia swali linalofuata roho kwatu. Kumbe hukuweka neno "add" kabla ya 30, swichi imefuta orodha ya zamani ikabaki na 30 peke yake, na OSPF, itifaki ya ruta kuambiana njia, iliyokuwa inapita VLAN 10 imekufa kimyakimya. Swichi haikulalamika, amri ni halali! Saa moja baadaye unakuta ruta haina jirani, yaani ruta nyingine ya kubadilishana nayo njia, unaanza kuchimba mipangilio yake, eria, taima, MTU, wakati ugonjwa uko chini kwenye tranki uliyoigusa kwa mkono wako.

Mimi lilinipata hilohilo, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimepima, ila nilipima nilichoongeza tu. Siku hizi kabla sijagusa kitu napiga "show ip ospf neighbor", nahesabu majirani, naandika namba kwenye karatasi. Nikimaliza nahesabu tena. Kama walikuwa 4 na sasa 3, najua kosa ni la dakika mbili zilizopita na najua liko wapi.

Lingine dogo hivi ila linakula watu: unakopi nywila ya EIGRP, itifaki nyingine ya njia, kutoka kwenye swali, unapesti kwenye "key-string", na nyuma yake imeng'ang'ania nafasi tupu moja. IOS, programu inayoendesha vifaa vya Cisco, inaihesabu ile nafasi kama herufi. Ukitazama konfigu pande zote mbili unaona neno lilelile, utakodoa macho mpaka uchoke. Piga "show key chain", pale ufunguo unaonyeshwa ndani ya alama za kunukuu, utaiona nafasi imekaa kabla ya alama ya kufunga.

Kusoma swali nako, jamani. Soma karatasi nzima kabla hujaandika amri hata moja, kwa sababu swali la mbele linaweza kukataza njia uliyotumia nyuma, mfano umeshaweka static route (njia unayoiandika mwenyewe kwa mkono) halafu chini huko wanasema hairuhusiwi popote. Mimi naandika makatazo yote pembeni kwanza, ndo nianze. Najua saa inakimbia na mkono unawasha, lakini dakika hizo zinarudi zenyewe baadaye.

Na kabla ya kupesti chochote angalia jina la ruta kwenye mstari unaoandikia, R1 na R11 zinafanana sana ukiwa na madirisha 10 wazi.

Haya yote hayafundishiki wiki ya mtihani. Mazoezini weka saa, jizuie kurekebisha ukishasema umemaliza, halafu jisahihishe kama mtu baki, na kila pointi uliyopoteza iandike imepotea kwa kutojua au kwa haraka. Mimi nilipofanya hivyo daftari la haraka lilijaa kurasa, la kutojua halikufika hata nusu ukurasa, nikaacha kusoma mada mpya kabisa nikabaki nafanyia kazi lile la kwanza. Niliporudi kwenye lab nilikuwa taratibu kuliko mara ya kwanza, na nilimaliza nikiwa na dakika za kutosha kupita kifaa kimoja kimoja kukagua na kusevu.