Je, wajua kwa nini nta hubanduka yenyewe ukiiweka glasi ya mshumaa kwenye friza?

Shangazi yangu hapa Bombo, Uganda, ni fundi cherehani, na hapendi kutupa kitu kizuri. Mwaka jana aliletewa zawadi ya mshumaa wa manukato uliomiminwa ndani ya glasi nene ya rangi ya kahawia. Mshumaa ulipokwisha, aliitaka ile glasi awekee vifungo vyake. Chini kulikuwa kumebaki nta ya kimo cha ukucha, naye akaikwangua kwa kisu. Kisu kikateleza, kikagonga kitako, glasi ikapata ufa mpaka katikati.

Alipopata ya pili nilimwomba aniachie. Niliiweka kwenye friza jioni, asubuhi nikaipindua juu ya kiganja na kuigonga mgongoni mara moja. Tak! Nta ikaanguka nzima, duara kama kitumbua, na kipande cha utambi kimesimama katikati. Shangazi akaishika, akaigeuza huku na huku. "Mwanangu, umeipaka nini?"

Sikupaka kitu. Nta ilijibandua yenyewe kwa sababu ya baridi.

Tumezoea maji, na maji ndiyo yanayotupotosha. Ukisahau chupa ya maji kwenye friza hupasuka, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Nta haina tabia hiyo. Yenyewe ikipoa husinyaa, na ikizidi kupoa huzidi kusinyaa. Tazama mshumaa wowote ulioyeyuka kisha ukaganda: kuzunguka utambi hubaki kibonde. Hakuna aliyekichimba, ni nta iliyojivuta.

Kioo nacho husinyaa kwenye baridi, ila kidogo mno. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, nta hupungua zaidi ya mara 10 ya kinavyopungua kioo. Kwa hiyo ndani ya friza glasi hubaki karibu vilevile, huku nta ikijivuta kuelekea katikati mpaka ikauachia ukuta. Kinachoishikilia baada ya hapo ni kile kibati kidogo cha utambi kilichogandishwa kwa gundi kwenye kitako. Kikikataa kutoka, kisukume kwa mpini wa kijiko. Kisu kiache jikoni.

Na kwa nini nta hubaki kila mara? Ni kwa usalama. Mshumaa wa glasi unatakiwa uzimwe nta ikibaki kama sentimita 1, kwani mwali ukifika kwenye kitako hukipasha joto hadi glasi inaweza kupasuka mezani. Ukiona nta imebaki, jua mshumaa umetumika inavyopaswa.

Si kila nyumba ina friza, na penye friza umeme nao una siku zake. Maji ya moto hufanya kazi pia, kwa njia nyingine. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi, basi maji hayahitaji kutokota. Weka glasi juu ya kitambaa kilichokunjwa, mimina maji ya moto polepole, kisha iache. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itayeyuka, itapanda juu, na maji yakipoa itaganda huko kama utando wa maziwa, uichukue kwa vidole. Ila usimwage maji hayo kwenye sinki kabla nta haijaganda, itaenda kuziba bomba.

Hapa nasisitiza jambo moja: usitoe glasi kwenye friza ukaimiminia maji ya moto papo hapo. Kioo hupitisha joto polepole, basi upande wa ndani hutanuka kabla wa nje haujapata habari, na mvutano huo ndio unaokipasua. Iache kwanza ipate joto la chumba. Ndipo uioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, masizi ya mdomoni yatoke. Karatasi ya nembo ikigoma, ipake mafuta ya kupikia usiku kucha. Gundi ya karatasi nyingi hulainika kwa mafuta.

Harufu ya manukato haikai kwenye kioo, maana kioo hakina matundu ya kuinyonya. Hukaa kwenye ule mpira wa mfuniko. Hata hivyo, mimi siweki njugu wala simsim humo, kwa sababu glasi hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Vyakula nawekea chupa za jemu.

Ya shangazi tuliivika lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake Buganda umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008. Kipande kilichobaki kwenye kushona mkoba kilitosha: gundi kidogo, kisha uzi mwekundu kiunoni. Rangi yake ya udongo na kahawia ya kioo zimependana sana. Glasi iliyovikwa hivyo isiwashwe mshumaa tena ndani, lubugo hushika moto.

Sasa imekaa kando ya cherehani, imejaa vifungo na bobini. Na lile duara la nta shangazi hakulitupa. Kabla ya kushona kwa mkono huuburuta uzi juu yake mara mbili, usijisokote, na zipu zinazokwama huzisugua kwalo.